Tara, majini na masaa yanayopotea

Nimemaliza kuitizama tena United States of Tara, ile drama ya Marekani ya 2009 mpaka 2011, Toni Collette anaigiza Tara, mke wa mtu na mama wa watoto wawili na ndani yake wamo wengine, kuna T msichana mkorofi, kuna Alice mama wa nyumbani anayetaka kila kitu kinyooke, na Buck mwanamume anayesema alipigana Vietnam. Mimi ni mnasihi hapa Mombasa na kila nikimhadithia mtu hii drama jibu ni moja, "huyo ana majini".

Sasa hapo ndo nataka tuongee. Madaktari wa akili Marekani waliacha kuiita hali kama ya Tara "nafsi nyingi" 1994, sasa wanaiita dissociative identity disorder, yaani nafsi iliyogawanyika, maana shida si kwamba mtu kaongezewa nafsi, ni kwamba ile yake moja haikuwahi kushikana. Mara nyingi ni mtoto aliyeumizwa tena na tena, hana pa kukimbilia, akili inayafungia yale maumivu chumba chake ili asubuhi mtoto aamke aende madrasa kama kawaida, halafu ndo anakua mtu mzima na kile chumba bado kimefungwa. Na mwongozo wao wa kutambua magonjwa ya akili wa 2013, DSM-5, unasema wazi kuna jamii hali hii inakuja kwa sura ya kupagawa, lakini mtu akipanda pepo ngomani kwa desturi ya kwao, akashuka, akarudi kwake salama, huo si ugonjwa.

Kitu sikukipenda kwenye drama ni zile nguo, kila nafsi na zake. Tara akigeuka unamjua toka mlangoni, lakini wengi mabadiliko yao ni madogo sana, sauti tu, macho, basi. Kinachowatesa ni masaa. Mtu anajikuta ferry Likoni hajui kafikaje, mkobani mna leso hakumbuki kuinunua, jirani amnunia kwa maneno ambayo yeye hajui kama aliyasema, na anaitwa mwongo tangu utotoni.

Dawa ya kuondoa hali yenyewe hakuna, zilizopo zinasaidia huzuni na wasiwasi, tiba ni kuongea, tena kwa miaka. Kisomo msomeeni, sikatazi hata kidogo, lakini asipigwe jamani, asifungwe kamba. Na mkikaa naye peke yenu muulize taratibu, "mwanangu, kuna masaa yanakupotea?" Nshaona mtu mzima akilia kwa swali hilo tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.