Herufi kubwa, "feat." na ubishi wa majina ya nyimbo MusicBrainz

Peleka albamu yoyote MusicBrainz, hifadhidata ya muziki inayojazwa na watu wa kujitolea chini ya shirika lisilo la faida la MetaBrainz, kisha subiri. Kaimba nani, kapiga nani gitaa, hayo yatapita kimya. Atakayekufuata atataka kujua kwa nini "Na" umeiandika kwa herufi kubwa. Ubishi wa namna hii hauishi, na mwingi unatokana na mambo ambayo watu wameyashika vibaya.

Dhana: Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kava.

Kava ni ushahidi wa maneno. Ukubwa wa herufi mara nyingi ulikuwa uamuzi wa mchoraji au mpiga chapa tu. Chukua santuri za zamani za inchi 7: nyingi lebo zake ni herufi kubwa tupu, mwanzo hadi mwisho, na hakuna anayeamini kwamba mwimbaji alikuwa anapiga kelele. Kanuni ya MusicBrainz inataka herufi kubwa za namna hiyo zirudishwe kwenye kawaida ya lugha ya jina. Mwonekano wa lebo wenyewe haupotei, kwa sababu picha yake hupakiwa Cover Art Archive, mradi unaoendeshwa pamoja na Internet Archive.

Pana mlango mmoja uliobaki wazi, nao ni nia ya msanii. Msanii anayeandika majina yake kwa herufi ndogo tupu kila mahali, kwenye albamu, kwenye tovuti yake, mwaka hadi mwaka, anaachwa hivyo hivyo. Ila anayedai nia ya msanii ndiye anayeleta ushahidi. Kava moja halitoshi.

Dhana: Kuna kanuni moja ya herufi kubwa kwa nyimbo zote.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoumia. Utaratibu unafuata lugha ya jina. Jina la Kiingereza hupewa herufi kubwa karibu kila neno, isipokuwa vineno kama "of" na "the" vikiwa katikati. La Kifaransa hupewa neno la kwanza na majina ya pekee tu. Kituruki kina "i" yenye nukta na isiyo na nukta, kila moja na herufi yake kubwa, kiasi kwamba kimetengewa utaratibu wake.

Sasa, kwenye ukurasa wa kuhariri kuna kitufe cha kukisia herufi ipi iwe kubwa na ipi ndogo. Mhariri mwenye haraka hukibonyeza kikiwa kwenye utaratibu wa Kiingereza. Kitufe kinaijua "and" lakini hakiijui "na", hivyo wimbo unaoitwa, tuseme, "Mke na Mume" unatoka "Mke Na Mume". Ukihamia utaratibu wa sentensi, ambao neno la kwanza tu ndilo hupewa herufi kubwa, balaa linageuka upande: "Safari ya Tabora" inakuwa "Safari ya tabora", na mji mzima umepoteza heshima yake. Vitabu na magazeti yetu huacha "na", "ya", "wa" na "kwa" kwa herufi ndogo ndani ya kichwa cha habari. Sioni sababu ya nyimbo kuwa tofauti. Bonyeza kitufe ukitaka, kisha soma kwa macho yako kabla ya kutuma.

Dhana: "feat." ni sehemu ya jina la wimbo.

"feat." ni kifupi cha "featuring", yaani msanii mgeni aliyeshirikishwa kwenye wimbo. Kwa anayeweka nyimbo za Bongo Fleva hili ni la kila siku. Tangu mfumo ulipofumuliwa mwaka 2011, mgeni huandikwa kwenye sehemu ya wasanii, si kwenye jina. Sababu ni ya kazi: jina lake likiwa maandishi tu ndani ya kichwa cha wimbo, wimbo huo hauonekani kwenye ukurasa wake.

Dhana: Kura nyingi ndizo zinazotunga kanuni.

Kura za wahariri ni za badiliko moja moja. Badiliko linalohitaji kura hukaa wazi siku 7, na lisipopata kura hata moja linapita. Kanuni zina njia yake: pendekezo hujadiliwa hadharani, kisha msimamizi wa mtindo huamua baada ya kusikia hoja. Zamani pingamizi la mtu mmoja liliweza kulikwamisha pendekezo, na mengine yalizeekea humo.

Wapo pia wanaoogopa kwamba kusahihisha jina kutavuruga faili walizokwisha kuzipanga kwa programu ya Picard. Kila rekodi ina kitambulisho chake cha herufi na tarakimu, na hicho hakiguswi jina likibadilika. Tahajia nyingine inawekwa kama jina la ziada, anayeitafuta anaipata.

Dhana: Vifupisho vya kwenye lebo havifunguliwi.

Vinafunguliwa: "Vol." huwa "Volume", "Pt." huwa "Part". Hili linawagusa sana wanaoweka santuri za rumba na benga, ambako wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, mwanzo upande A na sebene likamalizikia upande B. Mimi huandika "Part 1" na "Part 2" kama lebo ilivyokusudia, hata jina likiwa la Kiswahili, wala siunganishi pande hizo kuwa rekodi moja. Santuri haikuziunganisha, msikilizaji alilazimika kuinuka na kuigeuza.