Madam, si atapike yote?

Juzi, chai ya saa nne haijanywewa, sajini mmoja akaniuliza lile swali: "Madam, kijana akitoka kwa doria iliyolipuliwa, si tumkalishe usiku huohuo atapike yote?" Kila darasa la wanajeshi ninalofundisha hapa Nairobi lina mtu wa kuliuliza, na wenzake huitikia kwa vichwa.

Hapana, afande. Usimkalishe.

Watu hudhani kiwewe ni sumu uliyomeza: ikitoka, umepona. Saa zile za kwanza mwili bado uko vitani, moyo unaenda mbio, na kumlazimisha mtu asimulie jinsi mwenzake alivyokatika mguu ni kumrudisha palepale. Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1997 watafiti wa Cardiff, Wales, walitoa matokeo ya majeruhi wa moto: baada ya miezi 13, asilimia 26 ya waliosimulishwa mapema walikuwa na PTSD, yaani ugonjwa wa kiwewe kinachodumu; kwa ambao hawakusimulishwa, asilimia 9. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia unasema tazama, sikiliza, unganisha, yaani mwunganishe na msaada. Kusikiliza si kuhoji!

Basi mtoe hatarini, mpe maji, mpe simu aongee na nyumbani. Akitaka kusema, kaa naye. Akinyamaza, kaa naye vilevile. Mimi huwaambia wabebe chupa ya chai, daftari waliache. Wananicheka, lakini askari akiona kalamu anajua maneno yake yanaenda kwa kamanda. Kusimulia kwa undani kuna wakati wake: dalili zikipita mwezi, na mtaalamu aliyefunzwa tiba hiyo, vikao kadhaa.

Mengine haraka. Kumuuliza mtu kama anawaza kujiua hakumtii wazo kichwani. Uliza kwa neno hilohilo, usizungukezunguke. Bia za mesi hazitibu usingizi: zinamlaza saa nne na kumwamsha saa tisa, jasho tele.

Na hili la kwamba huumia aliyefyatua risasi tu, si kweli. Tangu majeshi yetu yaingie Somalia Oktoba 2011, kuna walioendesha malori, waliopika, waliopokea miili. Nao huota jinamizi. Nimeomba mara mbili wapishi na madereva waletwe darasani. Mara zote mbili nimeletewa askari wa miguu.