Tembe la Wagogo sio kukosa ujuzi

Wengi tumekua tukisikia kwamba tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa ya Wagogo, wenyeji wa kule Dodoma, ni umaskini tu na kutojua kujenga. Ila Dodoma ni kukavu jamani, mvua ni msimu mmoja kwa mwaka, kwahiyo paa la miti na fito lenye udongo juu linafaa, na jua likiwaka, ndani kunabaki na ubaridi, halafu vyumba vinazunguka ua, ng'ombe wanalala humo humo uani, usiku mwenyewe anawasikia. Kulikandika upya ni kazi, ndio. Kama hauamini, saa nane mchana kaa kidogo ndani ya tembe kisha uingie nyumba ya bati isiyo na dari, halafu muulize bibi wa hapo walikuwa wanaanika wapi mtama, atakuonyesha juu ya paa.