Kubadili kidatu na kiwango cha sampuli: nini hasa hutokea ndani ya faili la sauti

Chukua wimbo wa dakika 4 uliorekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, kisha uucheze kwenye programu inayodhani ni sampuli 48,000. Utakwisha kwa dakika 3 na sekunde 40 hivi, na mwimbaji atasikika amepanda karibu nusutoni moja na nusu (nusutoni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano). Namba za sauti yenyewe hazijaguswa. Kilichokosewa ni kiwango cha kuzisomea tu, na wengi hudhani rekodi imeharibika.

Sauti ya kidijitali ni mfululizo wa namba. Mawimbi yanayoingia kwenye maikrofoni hupimwa maelfu ya mara kila sekunde, na kila kipimo ni sampuli moja. CD hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde, video kwa kawaida 48,000, na simu za mezani 8,000. Namba hizo zikisomwa upesi kuliko zilivyorekodiwa, mawimbi hubanana: noti ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, hutoka kama hezi 479. Waliotumia redio kaseti wanalijua hili kutokana na betri zilizokuwa zinaisha, mkanda ukaanza kuburura na sauti ya mwimbaji ikawa nzito. Kasi na kidatu, yaani ujuu au uchini wa sauti, vilikwenda pamoja.

Kubadili kiwango cha sampuli kwa usahihi ni kazi nyingine kabisa. Hapa wimbo unatakiwa usikike vilevile, kwa mwendo uleule, ila uwe na idadi tofauti ya sampuli. Kutoka 44,100 kwenda 48,000, kila sampuli 147 za zamani hutoa 160 mpya, na karibu zote huangukia mahali ambapo hapakuwahi kupimwa kitu. Lazima zikokotolewe. Njia ya mkato ni kuunganisha sampuli mbili jirani kwa mstari ulionyooka na kuchukua thamani iliyo kati yake. Ni ya haraka, lakini sauti za juu hufifia na mikwaruzo huingia. Programu nzuri hutazama sampuli nyingi za kila upande kabla ya kuandika moja.

Kushusha kiwango kunahitaji uangalifu zaidi, maana kiwango chochote hubeba tu masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yaliyo chini ya nusu yake. Ukishuka hadi 16,000, mwisho wako ni hezi 8,000. Mlio wa hezi 10,000 uliomo ndani ya matoazi hautapotea wenyewe. Utajikunja na kutokea kwenye hezi 6,000, mahali ambapo mpigaji hakupiga chochote. Ndiyo maana masafa ya juu huchujwa kwanza, ndipo sampuli zipunguzwe. Ukichelewa kuchuja, mlio huo umekwisha kuchanganyika na muziki na hautoki tena.

Sasa kidatu. Mwanakwaya akisema wimbo uko juu mno, ushushwe kidogo, hataki mwendo ubadilike. Programu nyingi hufanya hivyo kwa hatua mbili: kuvuta au kufupisha muda bila kugusa kidatu, kisha kukokotoa sampuli upya ili muda urudi ulivyokuwa. Kupanda nusutoni moja ni kuzidisha masafa kwa 1.0595; kupanda oktavu, yaani nusutoni 12, ni kuyazidisha kwa 2.

Ugumu wote uko kwenye kule kuvuta muda. Njia moja hukata sauti katika vipande vifupi, chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, na kurudia baadhi yake huku kingo zikipandana. Inafaa kwa mtu mmoja anayeongea, lakini pigo la ngoma likirudiwa utalisikia mara mbili. Nyingine huchambua masafa yaliyomo katika kila kipande na kuyajenga upya. Hii hubeba nyimbo zenye ala nyingi vizuri zaidi, ila mapigo makali hulainika na sauti hupata ukungu.

Sauti ya binadamu ina mtego wake. Koo na mdomo hukuza masafa fulani bila kujali noti inayoimbwa, na humo ndimo tunamotambua kwamba huyu ni mtu mzima au mtoto. Ukipandisha kila kitu nusutoni tano, na masafa hayo hupanda, ukawa umempa mwimbaji koo la mtoto. Programu zilizo makini hupandisha noti na kuacha umbo la koo lilipo.

Si kila mara hilo ni kasoro. Maprodyuza wa singeli jijini Dar es Salaam walichukua vipande vya taarabu wakavikimbiza, na ule wembamba wa sauti ni sehemu ya utamu wenyewe.

Kwa kazi ya kawaida, Audacity, programu ya kuhariri sauti, hutenganisha amri hizi: kubadili mwendo na kidatu pamoja, kubadili mwendo peke yake, na kubadili kidatu peke yake. Kwa sauti ya mtu, nusutoni moja au mbili huwa hazileti shida. Na usipolipenda jaribio la kwanza, rudi kwenye rekodi ya awali uanze upya, kwa sababu kila badiliko linalowekwa juu ya jingine huongeza ukungu.