Kabla ya Kununua Dozi: Bakteria, Tumbo na Usugu wa Dawa

Mtu anapoamkia homa na tumbo la kuendesha, awe Kisauni, Likoni au Changamwe hapa Mombasa, mara nyingi haanzii hospitali. Hupitia duka la dawa, akaeleza dalili zake dirishani, kisha akarudi nyumbani na vidonge vichache vya antibayotiki vilivyokatwa kulingana na pesa alizokuwa nazo. Sisi wa maabara hatumlaumu, kwa kuwa foleni za hospitali ni ndefu na kibarua kinachokosekana leo ndicho chakula cha jioni. Hata hivyo, ni haki yake kuelezwa vidonge vile vinafanya nini mwilini mwake.

Mwili wa mtu mzima hubeba bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, na wengi wao wamo katika utumbo mpana. Hawa huvunjavunja nyuzinyuzi za kunde na mboga ambazo tumbo peke yake haliwezi kuzimeng'enya, hutengeneza vitamini K, na hukalia nafasi ambazo vimelea hatari wangezikalia. Antibayotiki haichagui: humwua mkorofi pamoja na hawa wanaotufaa. Ndiyo maana wengine huanza kuharisha wakiwa katikati ya dozi, na kwa wazee na wagonjwa waliolazwa, bakteria aitwaye Clostridioides difficile huweza kupata upenyo na kuleta uharisho wa kuua.

Madhara hayaishii hapo. Bakteria wa aina ya E. koli, akipata joto na lishe ya kutosha, hugawanyika takriban kila dakika 20, hivi kwamba mmoja huweza kuzaa zaidi ya milioni 2 kwa saa 7. Katika kunakili jeni kwa kasi hiyo, mabadiliko hutokea, na dawa inapowaua walio dhaifu, wale wachache waliobadilika wasiuawe nayo ndio wanaobaki na kuzaana; huo ndio usugu wa dawa. Isitoshe, bakteria hupeana jeni za usugu kupitia vipande vidogo vya DNA viitwavyo plasmidi, hata wakiwa si wa aina moja. Usugu uliozaliwa tumboni mwa mtu mmoja huweza kutoka na kinyesi na kumfikia asiyewahi kumeza kidonge. Kwetu Mombasa jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu mwamba wa matumbawe tunaoukalia una vitundu vingi vinavyopitisha maji, na mitaa mingi ina visima vilivyochimbwa karibu na vyoo vya shimo.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dozi pungufu zingewafundisha vimelea kuistahimili. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walifariki moja kwa moja kutokana na bakteria sugu.

Linalotusikitisha zaidi ni homa ya matumbo inayotangazwa kwa kipimo cha Widal pekee. Kipimo hicho hakimtafuti bakteria mwenyewe, bali kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vimelea, na kingamwili hizo huweza kubaki tangu maambukizi ya zamani au kuonekana kwa mgonjwa wa malaria. Matokeo yake ni watu wanaotibiwa homa ya matumbo mara kadhaa kwa mwaka bila kuwa nayo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabarani kabla ya dawa kuanza. Huchukua siku kadhaa, lakini humtambua kimelea na kuonyesha ni dawa ipi inayomwua. Mwulize daktari wako kuhusu kipimo hicho.

Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, na antibayotiki haiviui. Kwa tumbo la kuendesha, hata la kipindupindu, tiba ya kwanza ni kurudisha maji: changanya lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, na mgonjwa anywe kidogo kidogo. Mtoto huongezewa zinki kwa siku 10 hadi 14. Mgonjwa aliyelegea, anayetoa damu katika choo, mwenye homa isiyoshuka, au anayetapika kila anachokunywa, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Na aliyeandikiwa antibayotiki na daktari, hasa mgonjwa wa kifua kikuu ambaye tiba yake ya kawaida ni miezi 6, aitumie jinsi alivyoelekezwa, wala asiiache kwa sababu amepata nafuu.