Shotigani ya zamani na katriji ndefu: pima ukuta kabla hujachonga chemba

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wa nyumbani, tangu nianze kazi ya ufundi bunduki huku Birmingham, ni hili: mzee katuachia shotigani ya Kiingereza ya mitutu miwili, chemba zake (ile nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa katriji) ni za urefu wa milimita 65, dukani katriji zilizopo ni za 70, si unaongeza tu hizo milimita tano mambo yanaisha? Kuchonga kwenyewe ni kazi ndogo, kwa fundi mwenye rima nzuri (kifaa cha kuchongea tundu) haichukui hata asubuhi nzima. Kazi kubwa ni kujua kama bunduki yako inastahili kuchongwa, na nyingi ninazoziona mimi hazistahili.

Kwanza hii kitu inayowachanganya watu wengi. Utakuta mtu anakwambia "mbona ya 70 inaingia vizuri tu na bunduki inafunga". Ni kweli inaingia, ila urefu ulioandikwa kwenye boksi ni urefu wa ganda likishapigwa na mdomo wake kufunguka, kabla ya hapo mdomo umekunjwa kwa hiyo katriji ya 70 ikiwa mpya haifiki hata milimita 65. Sasa ukifyatua ule mkunjo unafunguka mbele, na mbele ya chemba fupi kuna koni, yaani ile sehemu mtutu unapobana kutoka upana wa chemba (kwenye geji 12, geji ikiwa ni kipimo cha upana wa mtutu, ni kama milimita 20 na kitu) kwenda upana wa mtutu wenyewe, kama 18.5. Mdomo wa ganda unafungukia mle kwenye kubana, marisawa na wadi (kizibo kinachokaa kati ya baruti na marisawa) vinalazimika kupita kwenye tundu dogo kuliko ilivyopangwa, presha inapanda na inapanda palepale ambapo huwa iko juu kuliko sehemu nyingine yoyote. Inapanda kiasi gani inategemea koni ya bunduki hiyo na katriji hiyo, ndio maana mmoja anapiga miaka bila shida halafu mwingine mtutu unavimba. Ukiokota maganda na kukuta midomo imechanika au imekuwa na nyuzinyuzi acha kupiga siku hiyohiyo.

Halafu kuna suala la mzigo, yaani uzito wa marisawa kwenye katriji, na hili mimi naliona zito kuliko hata urefu. Bunduki nyingi za Kiingereza za kuwindia ndege za kabla ya vita kuu ya pili zilitengenezwa kwa inchi 2½ (ndiyo hiyo chemba ya 65), mzigo wake wa kawaida ni gramu 30 za marisawa, nyingi zimepigwa chapa ya wakia 1⅛ ambayo ni kama gramu 32. Katriji za 70 za siku hizi ziko za gramu 36 na hata zaidi. Kuongeza chemba hakuongezi nguvu ya chuma, hakuongezi nguvu ya kufuli (ile sehemu inayofunga mitutu kwa nyuma) wala ya mbao ya kitako. Nimeshaona bunduki iliyochongwa vizuri kabisa, chemba safi, lakini baada ya misimu michache mitutu imeachia uso wa kufuli ukiitikisa unasikia, na kitako kimepasuka pale nyuma ya chuma. Mwenye bunduki alilaumu mbao. Mbao haikuwa na kosa lolote.

Sasa fungua bunduki, toa mitutu, igeuze uangalie ubapa wa chini, historia yake yote imeandikwa pale. Uingereza kuna nyumba mbili za kujaribu mitutu, ya London ambayo ni ya chama cha mafundi bunduki chenye hati ya kifalme ya mwaka 1637, na ya Birmingham iliyoanzishwa 1813. Tafuta herufi NP, juu yake kuna taji kama ni ya Birmingham au mkono ulioshika upanga kama ni ya London, maana yake ilijaribiwa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi. Usipoziona na hakuna maandishi mengine ya baruti hiyo, hiyo ni bunduki ya baruti nyeusi na habari ya kuchonga tuiache hapohapo. Kuanzia 1925 urefu wa chemba nao ulikuwa unapigwa, na zile zilizojaribiwa baada ya 1954 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 zina tani, yaani kipimo cha presha cha wakati ule: tani 3 ndio ya inchi 2½, tani 3¼ ndio ya inchi 2¾ (hiyo ndiyo 70), tani 4 ya inchi 3. Naomba usichukue kalkuleta ukabadilisha hizo tani ziwe bar (kipimo cha presha cha sasa) ulinganishe na 740 ya katriji za kawaida za siku hizi, zamani walipima kwa kuangalia kipande cha metali laini kimepondeka kiasi gani, sasa hivi wanapima kwa kifaa cha umeme, namba zake hazilingani.

Ukishachonga, chapa zote hizo zimekufa. Kwa sheria ya huku bunduki ikichongwa chemba lazima irudi nyumba ya majaribio ipigwe upya kwa katriji ya presha kubwa kuliko ya kawaida, na kuiuza bila hiyo chapa mpya ni kosa. Kuna bunduki zinapasuka kwenye hilo jaribio. Ni bora ipasuke kule.

Kabla ya yote hayo fundi apime unene wa ukuta. Siyo mdomoni, mdomoni hakukwambii kitu. Apime pale chemba mpya itakapoishia, kwa sababu mitutu ya Kiingereza inapungua unene haraka sana ukitoka nyuma kwenda mbele na zile milimita tano unazozitoa zinatoka mahali ukuta unapoanza kuwa mwembamba. Mimi binafsi chini ya milimita 2.5 pale mwisho wa chemba sigusi. Apime pia mtutu mzima mbele, huku tunataka isishuke chini ya milimita 0.5 popote, na bunduki iliyokwanguliwa kutu ndani mara kadhaa, mara nyingi inakuwa imeshuka. Mitutu ya damaski, ile yenye mistari ya mawimbi, siichongi hata ikiwa minene.

Wenye Browning Auto-5 za geji 16 za zamani za Ubelgiji (zile za mtutu mmoja zinazotoa ganda zenyewe), zenu ni habari nyingine kidogo. Zile za mwanzo ni za inchi 2 9/16, ukichonga chemba peke yake ganda lililopigwa la inchi 2¾ haliwezi kutoka kwa sababu dirisha la kutolea maganda ni fupi, kwa hiyo fundi anarefusha dirisha na kurekebisha ejekta (chuma kinachotupa ganda nje), la sivyo utakuwa na bunduki inayokwama kila risasi. Ila ikifanywa yote kwa pamoja na mtu anayeijua, inafanya kazi vizuri.

Kwa zile za mitutu miwili ushauri wangu haujabadilika: agiza katriji za 65. Gamebore, Hull, Eley wote bado wanazitengeneza, soma boksi limeandikwa kwa chemba ya urefu gani. Zinapatikana kwa shida huko nyumbani najua, lakini muuzaji mwenye leseni anaweza kukuagizia, ukijumlisha gharama ya kupima, kuchonga na kujaribu upya utakuta umeshanunua maboksi mengi sana. Ukiamua kuchonga hata hivyo, iwe kwa fundi mwenye leseni, na akikwambia hana kipimo cha ukuta chukua bunduki yako uondoke.