Asubuhi mzima, jioni hoi: huo ndio ugonjwa wenyewe

Juzi kliniki, mgonjwa akiwa bado anavaa viatu, kaka yake alinisogelea na kuninong'oneza: “Daktari, usidanganyike. Huyu asubuhi amefua mwenyewe. Ikifika jioni ndiyo anasema hawezi hata kuchana nywele.” Kauli hiyo nimeisikia kwa waume, wake, walimu na waajiri. Inaniuma zaidi ninapoikuta imeandikwa na daktari mwenzangu kwenye karatasi ya rufaa: vipimo safi, huenda ni mawazo.

Dada huyo, mgonjwa wangu, ana miasthenia gravisi, ugonjwa unaofanya misuli ilegee kadiri inavyotumika. Katika maradhi haya nguvu kupanda na kushuka ndani ya siku moja ndiyo alama kuu. Angekuja mtu mwenye udhaifu uleule tangu alfajiri hadi usiku, ningeanza kutafuta ugonjwa mwingine.

Neva ikitaka msuli ukaze humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hudakwa na vipokezi vilivyo juu ya msuli. Ukirudia tendo lilelile mfululizo, kiasi kinachomwagwa hupungua kidogo kila mara. Hupungua kwangu na kwako pia, ila hatuhisi kwa kuwa vipokezi tunavyo tele, vya kutumia na vya akiba. Kwa mgonjwa huyu, kinga ya mwili imeviharibu vingi na akiba imekwisha. Tendo la kwanza linafaulu, la tano linalegea, la ishirini halipo. Akipumzika, neva hujaza tena ghala lake na nguvu hurudi. Kwa hiyo kufua asubuhi na kushindwa kuinua kitana jioni havipingani hata kidogo.

Ndiyo maana sikubali maneno “nguvu za misuli: kawaida” yaliyoandikwa baada ya kumwambia mgonjwa asukume mkono mara moja. Umepima tendo la kwanza, lile lisilo na tatizo! Mchoshe kwanza. Mwambie atazame juu kwa dakika moja au mbili bila kushusha macho, uone kama kope zitaanguka. Mwache aongee mfululizo, usikilize kama sauti itaanza kutokea puani. Muulize kama hushika taya kwa mkono anapotafuna, kama maji humrudia puani, na kama akiona vitu viwili, kimoja hutoweka anapofumba jicho moja.

Lugha nayo inatuponza. Mgonjwa husema “nachoka”, nasi tunasikia uchovu ule wa kila mtu, wa kukosa usingizi au kuelemewa na kazi. Siku hizi nauliza hivi: unakosa hamu ya kuinua mkono, au unataka kuuinua nao unagoma? Wengi hujibu la pili bila kusita. Wapo wanaojibu yote mawili, na hapo nakiri kwamba sijui kila mara mpaka uko wapi. Kuishi na mwili usioaminika kunachosha pia, na huzuni ya mgonjwa haifuti ugonjwa wake.

Kuhusu damu: wagonjwa karibu asilimia 85 wenye udhaifu wa mwili mzima huonyesha kingamwili, yaani silaha za kinga ya mwili, dhidi ya vipokezi hivyo. Kwa wale ambao ugonjwa umebaki machoni tu, ni takriban nusu. Jibu safi la maabara, basi, halimfanyi mtu kuwa mwongo. Nina wagonjwa ambao kila kipimo cha damu kimerudi kitupu, na dawa ya piridostigmini huwainua kope ndani ya saa moja. Mwaka 1934 daktari Mary Walker, huko Uingereza, aliona dalili hizi zinafanana na za sumu ya kurari, inayopoozesha misuli, akajaribu dawa ya fisostigmini, na nguvu za mgonjwa zikarudi kwa saa chache. Kingamwili zenyewe zilikuwa hazijajulikana.

Matibabu yapo, kuanzia vidonge na dawa za kutuliza kinga hadi upasuaji wa tezi ya thimasi, iliyo kifuani, kwa baadhi. Nani atapona kiasi cha kuacha dawa siwezi kumwambia siku ya kwanza, na anayeniuliza humjibu hivyohivyo. Jambo la kushika ni kumtajia ugonjwa huu kila anayekuandikia dawa, hata kama umemfuata kwa kikohozi. Antibiotiki kama gentamisini, siprofloksasini na azithromisini, pamoja na magnesiamu ya mshipani, zinaweza kuzidisha udhaifu.

Yule kaka nilimrudisha ndani, nikamwomba asimame mbele ya dada yake wakati anatazama juu. Kabla ya dakika kwisha kope zilikuwa zimefunika nusu ya macho. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza jambo la maana: usiku afanye nini? Nikamwambia asikilize. Dada yake akianza kukata sentensi ili avute pumzi, akipaliwa na mate yake, au akishindwa kupumua vizuri alalapo chali, ampeleke hospitali usiku huohuo, asingoje asubuhi eti kwa kuwa asubuhi huwa nafuu.